Dirisha la Chumba Nisichoingia

Kwa miaka mingi nimelipwa mshahara kwa kuzungumza juu ya vitu nisivyoviona. Kimojawapo ni mwanga. Kila muhula, katika chuo kilichoko Kabianga ninakofundisha, hufika wiki ambayo nawaonyesha wanafunzi picha za majengo ya mbali: kuba lenye tundu juu, hekalu ambalo jua huliingia hadi ndani kabisa asubuhi fulani za mwaka, kanisa la zege lenye ufa mmoja ukutani na mwanga ukipenya hapo kama upanga. Nawaambia kwamba mtu akiingia mahali kama hapo hunyamaza, hata kama hakukusudia. Wanafunzi wanakuwa wamenyamaza tayari, ila ni kwa sababu wametoka kula ugali.

Sijawahi kuingia katika jengo hata moja kati ya hayo. Lakini ukimya wenyewe naujua. Niliusikia asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa nje ya nyumba ya mama, buti zangu zimejaa matope ya shamba la chai, na ukuta ukiwa kati yangu na ukimya huo.

Mama alipigwa na kiharusi mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakaanza kumtoka polepole, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Hospitalini walikaa naye kwa muda, kisha daktari, kijana mpole, akatuambia tumrudishe nyumbani, tumlishe vizuri na tumweke mahali penye utulivu. Hakusema ni kwa muda gani. Alivyotutazama, tulielewa.

Nyumbani ni ng'ambo ya Kaplong, upande wa Bomet. Tulipokuwa wadogo tuliishi katika nyumba ya udongo na nyasi ambayo mlango wake ulitazama mashariki, kama nyumba zote za wazee wetu. Asubuhi jua lilipochomoza, lilipita mlangoni moja kwa moja na kukuta moshi wa jikoni umetanda, na ule moshi ukalifanya jua liwe kitu unachoweza kukishika. Nakumbuka nikiingiza mkono ndani ya ule mwali na kuutoa, nikishangaa kwamba haukulowa. Hakuna aliyetwambia kwamba huo ni usanifu wa majengo. Tulidhani ni asubuhi tu.

Kisha tukasoma, tukapata kazi, tukaamua kumjengea mama nyumba ya kudumu. Ramani tuliipata kwa mtu wa mjini. Ilikuwa imechorwa kwa ajili ya kiwanja kilichobanwa kati ya majirani, lakini sisi tuliisimamisha katikati ya ekari kadhaa za chai, ambako hapakuwa na jirani wa kubana chochote. Uso wake tukauelekeza barabarani, upande wa magharibi. Wewe nenda kokote katika nchi yetu ya chai utaona hivyo: nyumba zote mpya zimegeukia lami kama watu wanaongoja kusalimiwa. Nyumba yenye veranda na nguzo mbili, ikiwa imeupa mgongo mlima ambako jua hutoka, ndiyo inayoitwa maendeleo. Chumba cha mama kikaangukia nyuma. Dirisha lake la pekee lilitazama ukuta wa jiko la nje, ambao uko karibu sana kiasi kwamba kuku wakipita hapo katikati hupita mmoja mmoja. Upande wa mashariki kulikuwa na ukuta mtupu wa mawe.

Mama hakulalamika. Alikuwa na miguu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani, alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka hadi nyuma ya nyumba, akaligeukia jua likitokea juu ya mikaratusi ya ng'ambo ya mto, akatema mate kidogo kulielekea na kunong'ona. Wazee wetu waliliita jua Asis, na Mungu wakamwita kwa jina hilo hilo, na mate yalikuwa baraka. Mama alikuwa mwanakanisa wa siku nyingi, mshika kitabu cha nyimbo, mfunga kitambaa cheupe kichwani. Siku moja mchungaji alimkuta pale nyuma na kumuuliza anafanya nini.

"Nasafisha koo," mama alimjibu.

Baada ya kiharusi hakuweza tena kwenda kusafisha koo. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, alirudi nyumbani kumtunza. Dada ana nguvu, lakini hawezi kumwinua mama peke yake, na wanawake wa jirani waliokuwa wakija kumsaidia walifika baada ya kupeleka majani kituoni, jua likiwa limeshapanda. Hapo ndipo walipomtoa mama na kumkalisha sebuleni. Tulimwambia tuhamishie kitanda chake sebuleni kabisa. Alikataa kwa upande wa mdomo uliokuwa ukifanya kazi. Kitanda cha mama kitazamwe na wakwe na wageni? Afadhali giza.

Na hapa inabidi nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Mwanamume wa Kikipsigis akishapita jandoni haingii tena katika chumba anacholala mama yake. Haitazami malazi yake. Sijui ni nani aliyeiweka sheria hiyo wala adhabu yake ni nini, kwa sababu sijawahi kumwona mtu akiivunja. Nimesoma vitabu, nimeandika makala za kuhoji mila nyingi, nimewahi hata kutamka neno "usasa" redioni. Lakini mlangoni kwa chumba cha mama kulikuwa na pazia la maua, na mimi sikulipita. Nilikuwa naketi kwenye kiti cha mbao upande huu wa pazia, yeye amelala upande ule, tunazungumza Kikipsigis kama watu walio katika ofisi mbili.

Jumamosi moja nilimuuliza kama kuna kitu anakitaka. Nilitarajia aseme ndizi.

"Asubuhi," alisema.

Nilidhani anataka kujua ni saa ngapi. Dada, aliyekuwa ndani akimsugua miguu, akanifafanulia kwa sauti ya juu, kama vile ni mimi niliyepigwa na kiharusi: "Anataka kuliona jua likitoka. Kila siku ananiuliza kama limetoka. Namwambia limetoka. Anasema, 'Wewe umeliona, mimi sijaliona.'"

Kaka yetu, ambaye anafanya kazi kiwandani, alisema tumwekee taa kubwa ya sola. Nilimwambia kwamba taa na jua ni vitu viwili. Akaniambia kwamba kwa bei ya sola hata yeye anajua hivyo. Lakini alipoambiwa kwamba nataka kutoboa ukuta wa nyumba tuliyoijenga wote, alisema, "Toboa. Lakini ufa ukifika kwenye rangi yangu ya mbele, utanitambua."

Fundi tuliyempata alikuwa Mgusii aliyehamia kwetu zamani. Nilimchorea dirisha. Lilikuwa jembamba, refu, lenye kingo zilizopanuka kwa ndani, ili mwanga uingie ukiwa mwembamba na kutawanyika ukishafika. Niliona fahari juu ya mchoro ule. Fundi aliugeuza, akautazama kichwa chini, akaugeuza tena.

"Mwalimu, hii ni dirisha ama ni mahali ya kupitisha bunduki?"

"Ni dirisha la kumletea mama jua."

"Sasa ukuta yenyewe ni nyembamba hivi," akaonyesha kwa vidole, "hizo kingo zako zinapanuka zikielekea wapi? Zitoke zimsalimie mama?"

Tukaacha kingo. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mahali pa kulikata. Nilitaka jua likichungulia juu ya mikaratusi limkute mama usoni akiwa amelala, bila kuinuliwa na mtu. Lakini kitanda nilikuwa sijakiona, wala sikujua urefu wake, wala kimekaa wapi. Chumba chenyewe nilikiona mara ya mwisho kikiwa na rundo la mchanga ndani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba fundi atatoboa kwanza tundu dogo kwa tindo, jua litakapotoka dada aseme limeangukia wapi, na dirisha lifuate tundu.

Tulifika pale nyuma kukiwa bado na umande. Fundi aligonga, jiwe likakubali, ncha ya tindo ikatokea upande wa pili. Akaichomoa. Tukangoja. Ng'ambo ya mto mikaratusi ilikuwa myeusi, na nyuma yake mbingu ikawa inapauka. Niliinama nitazame kama kingo za tundu ni safi, si kuchungulia, naapa, kingo tu, na papo hapo jua likatoka mgongoni kwangu.

"Profesa!" dada akapaza sauti kutoka ndani. Mimi si profesa na yeye anajua vizuri sana. "Toa hicho kichwa! Umemfunika mama jua!"

Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Nikaruka kando.

Kisha ndani kukawa kimya.

Dada ni mtu wa maneno. Tangu asubuhi ile ianze alikuwa hajanyamaza hata mara moja: kuhusu vumbi, kuhusu kelele, kuhusu watu waliosoma. Akakatika katikati ya neno. Sikusikia hata kitanda kikilia. Nilisimama pale na matone ya umande yakidondoka kutoka kwenye majani ya chai, nikaelewa kwamba upande wa pili wa jiwe lile kuna mwali mmoja, mwembamba kama uzi, umekivuka chumba chenye vumbi la saruji, na watu wawili wanautazama. Fundi naye aliacha kucheka. Akavua kofia, nadhani bila kujua.

Baadaye nilisikia sauti ya mama. Haikuwa neno. Ilikuwa ile pumzi ambayo mtu huitoa akitua mzigo wa majani kutoka mgongoni.

"Liko wapi?" nikauliza.

"Liko begani," dada akasema kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuupata kutoka kwake. "Kata juu kidogo."

Fundi alikata siku hiyo hiyo. Mchana, kabla hajafunga fremu, mvua ya mawe ikateremka kama inavyoteremka kwetu, bila kubisha hodi, ikachana majani ya chai na kuingia ndani kwa lile pengo. Tulikimbia kuliziba kwa magunia ya mbolea. Nikiwa nimelowa chapachapa upande huu wa pazia, nilimsikia mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Umesema utaniletea jua," alisema, polepole, neno baada ya neno, "umeniletea barafu."

Lakini kioo kilipotiwa, jua lilikuja. Mimi nilirudi Kabianga kufundisha, na kila asubuhi dada alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Limefika. Limemkuta shavuni. Leo lilikuwa jekundu. Leo mama ametema mate yakagonga kioo, nimekifuta, kesho nitamwekea kopo. Nilimwomba anipigie picha moja tu nione mwanga unavyokaa chumbani. Alinijibu mara moja: "Picha ya kitanda cha mama kwenye simu ya mwanamume mzima? Nenda ukafundishe."

Kwa hiyo nilikijenga chumba kile kichwani. Nilikuwa nikitembea kuelekea darasani nikijua kwamba wakati huo mwanga umeanza ukutani juu ya kichwa cha mama, unateremka, unafika kwenye paji la uso, kwenye macho, unashuka shingoni. Niliuona waziwazi kuliko kuba zote za picha zangu. Wiki ya somo la mwanga ilipofika nilizionyesha picha kama kawaida, nikafika kwenye ile ya kanisa la zege, nikashindwa kuendelea. Niliwaambia wanafunzi kwamba mashine imepata hitilafu. Walifurahi, wakatoka mapema.

Mwezi wa tano mama aliacha kula vizuri. Mwezi wa sita sauti yake nyuma ya pazia ikawa ndogo, na mara nyingine dada ndiye aliyenisemea maneno yake. Jumapili moja nilimuuliza kama jua bado linamfikia. "Linanifikia," alisema. Kisha akaongeza kitu ambacho nilidhani ni habari ya kazi za jikoni: "Dada yako anachoka." Nilimjibu kwamba nitatafuta mtu wa kumsaidia kupika.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu. Ni ule ukungu wetu wa msimu wa baridi, unaotoka msituni na kukaa juu ya chai hadi karibu na adhuhuri, wachumaji wakiwa ndani yake kama sauti tu. Ujumbe wa dada ukawa mfupi. Leo hapana. Leo hapana. Leo lilijaribu. Kisha asubuhi moja hakutuma ujumbe, alipiga simu, na kabla sijaipokea nikajua.

Tulimzika mwishoni mwa shamba, karibu na mto. Watu walikuwa wengi na mchungaji alihubiri juu ya nuru, kama wanavyohubiri wote, nami nilikaa nikitazama viatu vyangu. Wanawake waliingia chumbani, wakatoa godoro, wakatoa kitanda, wakatoa nguo. Baadaye wageni walitawanyika, kaka akarudi kiwandani, na nyumba ikabaki na mimi na dada na masufuria ya kuazima ambayo bado hayakuwa yamerudishwa kwa wenyewe.

Asubuhi niliyopanga kuondoka, ukungu haukuwapo. Niliamka nikaona sebuleni kuna weupe unaotoka chini ya pazia la maua. Dada alikuwa mle ndani na ndoo na tambara. Nilisimama pale pale ninapokomea siku zote.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Naweza kuingia?"

"Mwenyewe hayupo," alisema. "Ingia."

Nikalisogeza pazia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kile nilichokijenga kichwani, na mwanga haukuwa mahali nilipouweka. Kitanda nilikifikiria katikati, dirisha likikitazama moja kwa moja, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyopima mwezi wa tatu. Lakini mwanga ulikuwa umeegemea pembeni, kwenye ukuta wa magharibi karibu kabisa na kona ya kusini, mbali na pale katikati kwa hatua za mtu mzima. Nilisimama kama mjinga. Kila mtoto wa shule anajua kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Linahama, likienda kaskazini hadi mwezi wa sita, na mwanga wake ndani ya nyumba unahama kuelekea kusini. Mimi, mwalimu wa mwanga, nilikuwa nimemkatia mama dirisha la mwezi mmoja.

"Lakini uliniambia linamfika shavuni," nilisema. "Hadi mwezi wa sita uliniambia."

"Lilimfika."

Akaonyesha sakafu kwa tambara. Sakafu ni ya saruji nyekundu, ile ya kung'arishwa kwa nta. Kuanzia katikati ya chumba hadi kona ya kusini kulikuwa na mikwaruzo, mistari minne minne, kundi baada ya kundi, mahali miguu ya kitanda ilipoburutwa. Alikuwa akikisukuma, mama akiwa juu yake, kidogo kidogo, kila jua lilipopungua usoni.

"Mbona hukuniambia? Ningekuja kusukuma."

"Ungekuja kusukuma kitanda cha mama wewe?" Alinitazama, na mimi nikatazama chini. "Yeye ndiye alisema nisikuambie. Alisema ukijua utakuja na fundi mtoboe na ukuta ule mwingine, nyumba ianguke, tulale nje wote."

Tulicheka kidogo. Halafu nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu mazishi.

"Siku ile lilikuja?"

Dada angeweza kunidanganya. Alikamua tambara, maji yakashuka ndooni.

"Hapana. Ukungu ulikuwa mpaka dirishani. Aliniuliza, nikamwambia ni ukungu. Akasema, 'Basi tungoje.' Nikakaa naye. Tukangoja."

Ule mwanga ulikuwa umeanza kuteremka ukutani. Ulishuka polepole, mpana na wa rangi ya asali, wenye umbo la dirisha langu ila umelala kidogo upande mmoja, ukapita misumari alipokuwa akitundikia kitambaa chake cha kanisani, ukafika sakafuni. Pale kitanda kilipokuwa ulipita tu, ukaenea juu ya mikwaruzo, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Sote wawili tulikuwa tumesimama. Dada alikuwa ameushika mshikio wa ndoo kwa mikono miwili, kama mtu aliye kanisani asiyejua aiweke wapi mikono yake.

Kisha akashusha pumzi.

"Umeshaona?" akasema. "Haya, toka, nipige deki."

Nikatoka.